Hesabu ya Nyutrofili: Namna Tishu Inavyofichua Maambukizi ya Kiungo Bandia

Kiungo bandia cha nyonga au cha goti kinapoanza kuuma miaka kadhaa baada ya kuwekwa, daktari wa mifupa hukabiliwa na swali ambalo jibu lake huamua karibu kila kitakachofuata, nalo ni kama kiungo hicho kimelegea kwa uchakavu tu au kimelegea kwa sababu bakteria wamejificha juu yake. Maumivu huwa yale yale, picha ya eksirei huweza kuwa ile ile, na mgonjwa huweza kuwa hana homa wala uvimbe. Lakini tiba hutofautiana mno. Kiungo kilicholegea bila maambukizi huondolewa na kingine kuwekwa katika upasuaji huo huo, na mgonjwa huanza kujifunza kutembea baada ya siku chache. Kiungo chenye maambukizi ya muda mrefu, kwa desturi ya hospitali nyingi, huondolewa pamoja na saruji yote iliyokishikilia, mahali pake pakawekwa umbo la muda la saruji iliyochanganywa na antibiotiki, mgonjwa akatumia dawa kwa wiki sita au zaidi, ndipo akarudishwa chumba cha upasuaji kuwekewa kiungo kipya. Akihukumiwa kimakosa kuwa ana maambukizi, mgonjwa atateseka miezi mingi bure. Akihukumiwa kimakosa kuwa hana, kiungo kipya cha gharama kubwa kitapandwa juu ya bakteria walio hai.

Mazungumzo haya yanahusu kipimo kimoja kati ya vile vinavyosaidia kulijibu swali hilo, yaani uchunguzi wa vipande vya tishu chini ya hadubini. Ni kipimo cha zamani kuliko vingi vinavyosifiwa leo, na thamani yake hupunjwa kwa sababu hutakiwa kitoe namba kama mashine, ilhali kwa asili yake ni kazi ya jicho lililozoea na ya akili inayopima.

Tatizo lenyewe lilijulikana tangu viungo bandia vya kisasa vilipoanza. John Charnley, daktari wa mifupa wa hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, ambaye mwaka 1962 alianza kutumia nyonga ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha poliethilini, yaani plastiki ngumu, aliona katika miaka yake ya mwanzo kwamba karibu asilimia 7 ya wagonjwa walipata maambukizi, na alipojenga vyumba vya upasuaji vyenye hewa iliyochujwa na kuwavisha wasaidizi wake mavazi maalumu, kiwango hicho kikashuka chini ya asilimia 1. Leo makadirio ya kawaida ni mgonjwa 1 au 2 katika kila 100 wanaowekewa nyonga au goti kwa mara ya kwanza, na idadi hiyo hupanda kwa wale wanaorudiwa upasuaji. Kwa kuwa wanaowekewa viungo hivi duniani kila mwaka ni mamilioni, asilimia hiyo ndogo ni umati wa watu.

Ugumu wa kuyatambua maambukizi haya unatokana na tabia ya bakteria wenyewe. Wakifika juu ya chuma au plastiki, ambako hakuna mishipa ya damu, hujishikiza, huzaana, na kujifunika kwa utando wa utelezi wanaoutengeneza wao wenyewe, ambao wataalamu huuita bayofilamu. Ndani ya utando huo hupunguza kasi ya maisha yao, dawa huwafikia kwa shida, na askari wa mwili hushindwa kuwameza. Stafilokoki wa dhahabu, ambaye kitaalamu huitwa Staphylococcus aureus, kwa kawaida hujitangaza kwa homa, wekundu na usaha. Lakini jamaa zake wapole wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu, kama Staphylococcus epidermidis, na bakteria mwingine wa ngozi, Cutibacterium acnes, anayesumbua zaidi viungo bandia vya bega, huweza kukaa miaka bila kuonyesha chochote zaidi ya maumivu na kulegea kwa kiungo.

Njia inayomjia mtu akilini kwanza ni kuwaotesha bakteria maabara, na njia hiyo haina mbadala, kwa sababu ndiyo inayotaja jina la mdudu na dawa inayomuua. Hata hivyo ina udhaifu wa pande mbili. Bakteria waliojifungia katika utando, au waliodhoofishwa na antibiotiki alizomeza mgonjwa kabla ya upasuaji, huenda wasiote kabisa, na Cutibacterium acnes huhitaji kusubiriwa hadi siku 14 kabla ya kusemwa kwamba hayupo. Kwa upande wa pili, bakteria hao hao wa ngozi huweza kudondokea kwenye sampuli wakati wa kuichukua, wakaota vizuri sana maabara ilhali hawakuwamo katika kiungo. Ndiyo maana kundi la watafiti wa Oxford lililoongozwa na Bridget Atkins lilishauri mwaka 1998 kwamba zichukuliwe sampuli 5 au 6 kutoka sehemu mbalimbali, kila moja kwa vifaa vyake safi, na mdudu mmoja anayeota katika sampuli 3 au zaidi ndiye aaminiwe kuwa mkosaji halisi.

Uchunguzi wa tishu hupita njia nyingine kabisa, kwa kuwa haumtafuti bakteria bali hutafuta alama za vita ambavyo mwili unapigana naye. Kiungo bandia chochote kilichokaa muda mrefu huzungukwa na ngozi laini ya tishu, iliyojipenyeza kati ya mfupa na chuma au saruji, ambayo inaweza kuitwa utando wa mpakani. Utando wa kiungo kilichochakaa bila maambukizi huwa umejaa makrofaji, yaani seli walaji zilizomeza punje ndogo sana za plastiki na chuma zilizosagika kwa miaka mingi ya kutembea, pamoja na seli kubwa zenye viini vingi zilizozaliwa kutokana na kuungana kwa seli walaji hizo. Utando wa kiungo chenye maambukizi ya bakteria huwa na mgeni mwingine, nyutrofili, seli nyeupe ya damu ambayo kiini chake kimegawanyika vipande viwili hadi vitano, na ambayo kazi yake kubwa ni kukimbilia mahali bakteria walipo. Dalili ya mvua ni mawingu, na nyutrofili ndani ya tishu ni mawingu ya namna hiyo: zinaashiria bakteria hata pale ambapo bakteria mwenyewe amekataa kuota maabara.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa karibu nusu karne ni mawingu hayo yawe mazito kiasi gani. Mwaka 1976 Joseph Mirra na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba tishu za viungo vilivyoambukizwa zilikuwa na zaidi ya nyutrofili 5 katika kila uwanja wa lenzi kali, yaani katika kila duara linaloonekana pale hadubini inapokuza kwa nguvu. Mwaka 1995 David Feldman na wenzake walikaza kipimo hicho kwa kutaka nyutrofili zaidi ya 5 zionekane katika nyanja zisizopungua 5 zilizo tofauti, kwa hadubini inayokuza mara 400. Mwaka huo huo Nick Athanasou na wenzake wa Oxford walifuata njia iliyo nyepesi zaidi, wakisema kwamba wastani wa nyutrofili 1 tu kwa kila uwanja, baada ya kuangalia nyanja zisizopungua 10, unatosha kuashiria maambukizi. Mwaka uliofuata Jess Lonner na wenzake walilinganisha mipaka miwili katika upasuaji wa marudio 175, wakakuta kwamba kupandisha mpaka kutoka 5 hadi 10 hakukupoteza mgonjwa hata mmoja kati ya wale waliokuwa wametambuliwa kwa mpaka wa chini, ila kulipunguza idadi ya waliotuhumiwa bure, kiasi kwamba uwezekano wa jibu la “yapo maambukizi” kuwa kweli ulipanda kutoka asilimia 70 hadi 89. Nchini Ujerumani, Lars Morawietz na wenzake wa hospitali ya Charité ya Berlin walipendekeza mwaka 2009 hesabu ya jumla ya nyutrofili 23 katika nyanja 10.

Msikilizaji anayetaka namba moja ya kushika atachoshwa na mfululizo huo, na ana haki. Lakini tofauti hizo hazitokani na ubishi wa wasomi peke yake. Duara linaloonekana katika hadubini halina ukubwa mmoja duniani: hadubini mbili zenye lenzi inayokuza sawasawa, zikitofautiana kwenye kioo cha kuchungulia, moja ikaonyesha duara lenye kipenyo cha milimita 0.45 na nyingine milimita 0.55, hutofautiana eneo kwa karibu nusu, na kwa hiyo daktari wa hadubini ya pili atahesabu seli nyingi zaidi katika tishu ile ile bila kosa lolote. Ripoti inayosema “nyutrofili 5 kwa uwanja” bila kutaja upana wa uwanja huo imesema nusu ya habari. Ni jambo la kushangaza kwamba tiba ya upasuaji wa gharama kubwa namna hii ilijengwa kwa miaka mingi juu ya kipimo ambacho hakikuwa na rula.

Zaidi ya hayo, kila nyutrofili inayoonekana haistahili kuhesabiwa. Zilizomo ndani ya mishipa ya damu ni wapita njia tu. Zilizonaswa katika fibrini, yaani utomvu wa damu iliyoganda juu ya tishu, au zilizosukumana ukingoni mwa mshipa kwa sababu ya purukushani ya upasuaji wenyewe, hazithibitishi kitu. Zinazohesabiwa ni zile zilizozama ndani ya tishu na ambazo umbo lake bado linasomeka. Daktari wa patholojia hulipitia kwanza bapa zima la kioo kwa lenzi dhaifu, akitafuta mahali ambapo mwako wa uvimbe ni mkali zaidi, kisha hushuka kwa lenzi kali na kuhesabu hapo, kwa kuwa maambukizi hayasambai sawasawa katika utando. Kuhesabu popote palipotokea ni kuliachia jibu mikononi mwa bahati. Tofauti kati ya daktari aliyefundishwa kazi hii na yule anayekutana nayo mara mbili kwa mwaka huonekana hapa kuliko mahali pengine popote.

Hata kabla tishu haijafika maabara, daktari wa upasuaji anaweza kuwa ameliharibu jibu. Kipande kilichokatwa kwa kisu cha umeme huungua, na viini vya seli zilizoungua hunyooka na kuwa vyeusi hivi kwamba nyutrofili haitofautiki na seli nyingine. Kipande kilichochukuliwa kwenye kovu jeupe, kwa sababu tu ndilo lililokuwa karibu na mkono, hakina la kusema. Inafaa vichukuliwe vipande kadhaa, kwa kisu cha kawaida, kutoka mahali penye rangi iliyobadilika au panapoonekana kuvimba, na hasa kutoka kwenye utando wa mpakani uliogusana na kiungo bandia chenyewe.

Tishu ikishachukuliwa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: kipande hugandishwa mara moja katika mashine yenye baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, hukatwa vipande vyembamba vya maikromita chache, hupakwa rangi za hematoksilini na eosini, ambazo hufanya viini kuwa vya buluu na sehemu nyingine kuwa za waridi, na jibu hupigwa simu chumba cha upasuaji katika muda wa nusu saa hivi wakati mgonjwa bado yuko kwenye nusukaputi. Ya pili ni ya taratibu: kipande hutumbukizwa katika formalini, ambayo ni dawa ya kuhifadhi tishu isioze, kisha huzamishwa katika nta, hukatwa na kupakwa rangi zile zile, na jibu hutoka baada ya siku moja au zaidi. Baridi huacha mashimo na kuvuruga sura za seli, kwa hiyo njia ya pili husomeka vizuri zaidi na hutumika kuisahihisha ya kwanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliounganisha tafiti 26 zenye wagonjwa zaidi ya 3,200, ulionyesha kwamba njia ya kugandisha ni hodari sana wa kuthibitisha maambukizi lakini ni wa wastani tu katika kuyakanusha. Kwa maneno mengine, daktari akipigiwa simu na kuambiwa kwamba nyutrofili ni nyingi, anao msingi imara wa kusitisha kuweka kiungo kipya. Akiambiwa hazipo, bado hajapewa ruhusa ya kulala usingizi.

Sababu ya udhaifu huo wa pili ni wale bakteria wapole waliotajwa, na Cutibacterium acnes ndiye mjanja wao, kwa kuwa huchokoza mwili kidogo sana hata nyutrofili zisifikie idadi ya mpaka. Na upo upande wa mawingu yasiyo na mvua. Mgonjwa mwenye baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia huweza kuwa na nyutrofili nyingi katika tishu bila bakteria yeyote, na vivyo hivyo mgonjwa aliyevunjika mfupa siku chache zilizopita kandokando ya kiungo bandia, au yule ambaye kiungo chake cha chuma kinachosuguana na chuma kimesababisha tishu kufa. Daktari wa patholojia asiyeandikiwa habari hizo kwenye fomu huhukumu kesi bila kusikia mashahidi, na fomu nyingi, kwa bahati mbaya, huandikwa maneno mawili: “tishu, goti.”

Ili kuondoa fujo ya kila maabara kuzungumza lugha yake, Morawietz, Veit Krenn na wenzao walipendekeza mwaka 2006 kwamba utando wa mpakani ugawanywe katika aina nne: ya kwanza ni ya punje za uchakavu, ya pili ni ya maambukizi, ya tatu ni ya vyote viwili kwa pamoja, na ya nne ni ile isiyoangukia popote, ambayo ina kovu tu. Baadaye, mwaka 2014, waliongeza aina za kovu linalokaza kiungo, za mzio na kinga ya mwili, na za maradhi ya mfupa. Aina ya tatu ndiyo yenye funzo kubwa zaidi, kwa kuwa inawazuia madaktari kufikiri kwamba uchakavu ukionekana basi maambukizi hayapo.

Vyama vya wataalamu navyo viliingiza hesabu hii katika fasili zao. Chama cha Marekani cha maambukizi ya mifupa na misuli kiliiweka mwaka 2011 kuwa moja ya ishara ndogo, zile ambazo hutakiwa ziungane kadhaa ndipo hukumu itolewe, tofauti na tundu linalovujisha usaha hadi kwenye kiungo au bakteria mmoja kuota katika sampuli mbili, ambavyo kila kimoja kinajitosheleza. Katika fasili ya mwaka 2018 iliyotumia alama, tishu yenye uvimbe wa namna hii hupewa alama 3 kati ya 6 zinazohitajika. Fasili ya Ulaya ya mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi: nyutrofili 5 au zaidi katika nyanja 5 au zaidi huthibitisha maambukizi zenyewe, na zikionekana katika uwanja mmoja tu huhesabiwa kuwa kuna uwezekano mkubwa wa maambukizi. Msimamo wa Ulaya unaonekana kuwa sahihi zaidi, kwa sharti kwamba mgonjwa hana kivunjiko kipya wala baridi yabisi, kwa sababu unaukubali ukweli ambao namba peke yake huuficha, yaani kwamba kati ya “yapo” na “hayapo” ipo sehemu ya kati, na mgonjwa aliye katika sehemu hiyo anahitaji vipimo zaidi kuliko anavyohitaji hukumu.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si la kusomwa vitabuni tu. Nyonga na magoti bandia huwekwa katika vituo kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, na Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, na miongoni mwa wanaohitaji nyonga wamo vijana wenye selimundu, ambao kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu na ambao kiungo chao kitalazimika kudumu miaka mingi. Vipimo vipya vya protini maalumu katika majimaji ya kiungo, au mashine ya kung’oa bakteria juu ya chuma kwa mawimbi ya sauti, ni ghali na havipatikani kila mahali. Hadubini, nta na rangi mbili vipo katika kila maabara ya patholojia. Tena tishu huona jambo ambalo uoteshaji wa kawaida hauoni kabisa, nalo ni kifua kikuu cha kiungo, ambacho huacha vinundu vyenye kitovu kilichokufa, vilivyozungukwa na seli kubwa zenye viini vilivyojipanga ukingoni kama kiatu cha farasi. Daktari asiyekuwa makini huweza kuzichanganya seli hizo na zile seli kubwa za punje za plastiki, na hapo mwanga maalumu unaoonyesha plastiki iking’aa, pamoja na rangi ya kutafuta bakteria wa kifua kikuu, humwondolea shaka.

Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu. Kipande kilichokwisha kutumbukizwa katika formalini hakiwezi tena kuotesha bakteria, kwa kuwa dawa hiyo huwaua, na kipande kilichopelekwa chote kuoteshwa hakiwezi tena kusomwa vizuri. Kwa hiyo kila mahali panapochukuliwa tishu panahitaji vikopo viwili, kimoja chenye formalini na kingine kikavu na safi, vyote vikiwa na lebo ya mahali palipokatwa, pamoja na fomu inayotaja tarehe ya upasuaji wa kwanza, dawa alizotumia mgonjwa, na maradhi yake mengine. Maabara nayo iandike katika ripoti upana wa uwanja wake na idadi ya nyanja zilizohesabiwa.

Kwa upande wa mgonjwa, jambo lililo kubwa kuliko yote ni kutowanyamazisha bakteria kabla hawajatambuliwa. Miongozo ya kitaalamu hushauri kwamba, pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, antibiotiki zisimamishwe angalau wiki 2 kabla ya kuchukua sampuli, na uamuzi huo ni wa daktari anayemhudumia. Mwenye nyonga au goti bandia linalouma asikimbilie kununua antibiotiki katika duka la dawa. Aende kwanza hospitali, akiwa na kadi ya upasuaji wake na picha zake za awali, na akiwa na homa kali au kidonda kinachovuja aende siku hiyo hiyo.